Picha Moja, Wakalimani Wawili

Kama kulikuwa na starehe moja ambayo Ogweno hakuidharau pale Nyabusalu, hakuna mwanachuo mwenzake aliyewahi kuijua. Chakula cha chuo alikidharau pia, lakini kile hata panya walikikimbia, kwa hiyo hapo hatumlaumu.

Nyabusalu ni mji mdogo ng'ambo ya Busisi, ukishavuka kwa kivuko cha Kigongo na kula vumbi saa mbili nzima. Bila chuo cha ualimu ungebaki kituo cha kupakia samaki na maduka manane ya mitumba. Lakini chuo kilikuwapo, na ndani yake vijana mia tatu waliopewa ruhusa ya kutoka kila Jumamosi, saa sita mchana mpaka saa kumi na mbili jioni. Kwa saa hizo sita mji mzima ulijipinda kuwafurahisha, maana ule ulikuwa mwaka wa tisini na nne, kila mtu ameambiwa ajitafutie, na mwanachuo ndiye pekee aliyekuwa na muda wa kupoteza.

Pius mpiga picha alikuwa amechoresha ndege ya abiria ukutani. Ulisimama mlangoni pa ndege hiyo, ukashika mkoba wa Pius, na picha ikaenda kwa wazazi ili nao waonyeshe majirani. Ogweno alisema mtu anayepiga picha na ndege ya rangi ya maji atafundisha watoto wa watu kitu gani. Katika ukumbi wa chama palikuwa na disko la mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia ili wachezaji wajidanganye kuwa ni usiku. Alikwenda mara moja, akasimama karibu na mlango dakika tano, akatoka ameziba pua. Mpira wa chuo na wavuvi aliuacha wakati wa mapumziko. Wavuvi walishinda kila mara, kwa sababu wao walikuwa wamekula, na yeye alisema hakuna haja ya kungoja jambo ambalo tumbo limeshaliamua. Hata majabali ya ufukweni, ambako wapendanao walikwenda kutazama maji na wasio na wapenzi wakaenda kuwatazama wapendanao, aliyaita shamba la wavivu.

Alikuwa mtoto wa mwambao wa Rorya, kule Mara, na alisomeshwa na mapadri waliomchapa mtu fimbo kwa kukosea neno moja la Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa safi kweli, tumpe haki yake. Chuo kikuu alikikosa kwa alama chache sana, na akaja Nyabusalu na uso wa mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake, akingoja dereva agundue kosa na kumrudia. Dereva hakurudi, na uso ule ukabaki.

Mtu mmoja tu alimlegeza. Jina lake Faith Akeyo, wa mwaka wa pili kama yeye, binti wa mvuvi wa huko huko Rorya. Faith alipenda kila alichokidharau Ogweno. Alikuwa na picha tatu mlangoni pa ndege, na katika moja alikuwa anapunga mkono. Ogweno alimpenda mpaka akajikasirikia. Mwezi wa kumi, bila kumwambia binti mwenyewe, alimwandikia mama yake barua kwamba likizo ya Desemba atakuja na mgeni. Mama akajibu kwa mkono wa mwalimu wa kijijini kwamba ataikandika nyumba upya. Ndipo Ogweno akamwendea Faith na barua hiyo, akamwomba waende wote nyumbani, akajulishwe. Faith hakukubali wala hakukataa. Alisema atamjibu kabla chuo hakijafungwa, kwa sababu kuna jambo moja juu yake Ogweno ambalo bado hajalijua. Ogweno akakosa usingizi, akilisaka jambo hilo katika akili yake, elimu yake na mwandiko wake, kote asilione.

Sasa, katika starehe zote za mji ule, Faith aliipenda zaidi video ya Mama Ng'washi.

Mama Ng'washi alikuwa mjane mwenye sauti nzito na akili nyepesi ya biashara. Alikodi ghala la pamba la ushirika, ambalo tangu wanunuzi binafsi waje na malori yao lilikuwa halina hata robota moja. Akaweka humo mabenchi, televisheni, deki na jenereta, kisha akamweka Kija. Kija alikuwa mpakiaji wa marobota katika ghala hilo hilo siku za ushirika. Sasa alikuwa mkalimani wa picha. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, amevaa miwani ya jua gizani, akiwaeleza watu wahusika wanasema nini. Kiingereza alichokijua kilitosha kukubali na kukataa tu. Hilo halikumsumbua. Wachina wa karate, waliotiwa sauti za Kiingereza, walipofungua midomo, Kija aliwapa majina ya Kisukuma, akawagombanisha kwa mambo ya mahari, malisho na mashamba ya mpunga, na walipoanza kupigana aliwaita sungusungu, walinzi wa vijiji wanaoitana kwa filimbi. Watu walikuja na filimbi zao kabisa.

Faith alimsihi Ogweno aende naye mara moja tu. Akaenda, akakaa mwisho wa benchi amekunja mikono. Picha ilihusu ndugu wawili waliolelewa katika nyumba ya mafundi wa karate. Mmoja aliiba kitabu cha siri cha mwalimu wao, akakimbilia mjini. Kija hakujua habari ya kitabu. Kwake yeye ndugu hao ni watoto wa mama mmoja, na yule mbaya alikuwa ameuza ng'ombe wote wa marehemu baba yao, akafungua duka mjini, kwa kuwa siku hizi ni soko huria. Ghala zima likaguna kwa uchungu. Hapo Ogweno akasimama.

"Huyo mzee hajasema hivyo," alisema. "Amesema kitabu kimeibwa. Wapi mnaona ng'ombe hapo? Nionyesheni ng'ombe mmoja."

Kija akashusha miwani, akamtazama kwa huruma.

"Mwalimu, ng'ombe wamekwisha kuuzwa. Ndiyo maana huwaoni."

Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Ogweno angelivumilia hilo, kwa kuwa kicheko cha watu wa aina ile hakikuwa na uzito kwake. Lakini aligeuka na kumwona Faith naye anacheka, machozi yanamtoka, na hilo lilimchoma kuliko fimbo zote za mapadri.

Jumamosi iliyofuata alimwendea Mama Ng'washi, akamwamkia vizuri, kisha akatoa hoja. Picha ile ile itafsiriwe na watu wawili, yeye na Kija, na mkufunzi wa Kiingereza wa chuo, Mwalimu Josephat, awe jaji na atoe alama kwa usahihi. Mama Ng'washi aliona mara moja kwamba ghala litajaa. Kija, aliyekuwa anaosha miwani yake, akasema hapa hakujawahi kuwa na jaji.

Ilibidi Ogweno, mgeni wa Usukumani, aelezwe, na alielezwa bila kufichwa kitu. Usukumani ngoma hushindana hivi. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, vyama viwili vya ngoma vilivyo mahasimu, uwanja mmoja, saa ile ile, na hakuna anayekaa mezani kutoa alama. Watu wanakwenda penye utamu. Upande mmoja ukibaki na wachezaji tu, umeshindwa, na hakuna rufaa. Kija alitaka iwe hivyo hivyo, televisheni moja mwisho huu wa ghala, nyingine mwisho ule, mabenchi katikati. Mtu mwenye masikio mazuri angetambua kwamba ameitwa kwenye uwanja wa watu waliofundishwa kazi hiyo tangu utoto. Ogweno alisikia ushamba tu. Aliamini kwamba watu walimpenda Kija kwa kuwa hawajawahi kusikia ukweli, na kwamba siku watakayoupata watamwona Kija alivyo, mpakiaji wa pamba aliyevaa miwani. Akakubali.

Mwalimu Josephat alikuwa na televisheni na deki, akaviazimisha kwa moyo mmoja, na kanda ikanakiliwa zikawa mbili. Ogweno aliitazama kanda ile mara nne nyumbani kwa mwalimu huyo, akaandika tafsiri yake katika daftari kubwa, kila neno, na penye neno gumu akaweka maelezo pembeni. Mwalimu Josephat aliisoma, akasema ni kazi ya kupelekwa chuo kikuu. Kwa maneno hayo kijana alivimba wiki nzima.

Faith alimwuliza kwa nini asiachane na jambo hili, watu wanafurahi tu. Alijibu kwamba wanafurahia kudanganywa, na kumwacha mtu katika hali hiyo ni kumdharau. Faith alisema yeye atakaa upande wake, ila anamwomba kitu kimoja, asiwatukane watu. Ogweno akaahidi upesi upesi, jinsi mtu anavyoahidi kufunga mlango.

Jumamosi ya shindano, saa nane mchana, ghala lilijaa hadi madirishani. Wanachuo karibu wote walikaa upande wa Ogweno, pamoja na wakufunzi wawili, karani wa posta na Pius mpiga picha, aliyependa kuonekana na wasomi. Upande wa Kija walikaa wavuvi, wauza dagaa na wapakiaji wa zamani. Shangazi mmoja wa Kija alinyunyiza maji ya dawa kizingitini, na Ogweno akayaruka makusudi, ili kila mtu aone. Alikuwa amevaa tai. Alitazama mabenchi yake yaliyojaa, akatazama ya Kija yenye nafasi, akajisikia ameshinda kabla ya kufungua daftari. Faith alikaa benchi la mbele.

Kanda zikawashwa pamoja. Ogweno alianza kwa kueleza enzi ambamo picha ile imetungwa, na utawala wa kifalme wa enzi hiyo. Wahusika wakawa wameshapigana raundi ya kwanza hajamaliza. Akaruka kurasa mbili ili awafikie. Tafsiri yake haikuwa na kosa hata moja. Kila neno lilikuwa mahali pake, kama mabenchi ya darasani, na lilichosha vile vile. Mzee wa picha aliposema kitabu kimeibwa, Ogweno alisema kitabu kimeibwa. Basi. Mvuvi mmoja aliyekuja kujaribu akauliza kitabu chenyewe kilikuwa na nini. Ogweno akasema hilo halijaelezwa katika picha. Mvuvi akainuka, akavuka.

Upande wa pili filimbi zilikuwa zimeanza. Ndugu mbaya alikuwa ameshawauza ng'ombe thelathini na wawili, mmoja mmoja, na Kija aliwajua wote kwa majina na rangi. Karani wa posta aligeuza shingo kwanza, halafu miguu, halafu benchi. Wanachuo walianza kuhama wawili wawili, wameinama, wale wale waliokuwa wakinakili mazoezi ya Kiingereza ya Ogweno. Pius alikwenda bila kuinama. Mwalimu Josephat, mwenye televisheni yake, alinong'ona kwamba anakwenda kujisaidia. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akaingia kwa mlango wa mbele, akakaa katikati ya wauza dagaa.

Ogweno aliona. Akashusha daftari, na yale yaliyokuwa moyoni mwake mwaka mzima yakatoka bila tafsiri.

"Nendeni," alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa ghala. "Nendeni mkalishwe uongo, ndicho chakula chenu. Nyinyi ukiwamiminia maji machafu mtauliza kama yapo mengine. Na hao ndio walimu wa kesho."

Watu walikuwa wanangojea habari za fahali mwekundu. Ila Faith aliinamisha uso, akabaki anatazama vidole vyake. Alikuwa peke yake sasa katika mabenchi kumi na mawili.

Kija, kwa kiburi chake chote, alikuwa mtu wa ngoma, na mtu wa ngoma hamalizi mchezo kwa haraka. Aliinua fimbo juu ya vichwa vya watu.

"Endelea, mwalimu. Una mtu."

Ogweno alimtazama mtu huyo mmoja aliyekuwa naye, na alichosikia moyoni, tuseme bila kupamba, ni dharau. Alidhani amebaki kwa huruma, na huruma ya binti aliyepiga picha tatu na ndege ya ukutani ilimshinda kuimeza. Laiti angehama na wengine, alifikiri, ningejua wote ni wamoja. Akafungua daftari, akasoma mistari miwili kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani. Faith alisikiliza mistari yote miwili, amenyanyua uso.

Wakati huo, kwenye televisheni zote mbili, ndugu mbaya alikuwa amefika mlangoni kwa mama yake. Yule bibi wa picha alisema sentensi moja tu, kwamba ndugu yako yuko bustanini. Ogweno alikuwa nayo katika daftari, amepigia mstari. Kule kwa Kija bibi huyo alikuwa hajanyamaza. Hakuuliza ng'ombe hata mmoja. Aliuliza kwa nini kijana amekonda hivi, huko dukani kwake kuna nini. Alimwambia kwamba tangu aondoke ametandika kitanda chake kila jioni na kukitandua kila asubuhi, ili majirani wasijue kuwa hakikulaliwa. Filimbi zilikuwa zimeshushwa. Halafu kijana akajibu, na jenereta likakohoa, jibu likapotea.

Ogweno akatega sikio. Hakusikia. Alijua fika kwamba hakuna jibu, kwamba katika picha kijana anapita tu na kwenda bustanini. Lakini miguu ilikuwa imeshaanza. Aliweka daftari juu ya televisheni, akapita kando ya benchi la mbele.

"Unakwenda wapi?" Faith alimwuliza.

Alisema anakwenda kuona jinsi Kija anavyodanganya, atarudi sasa hivi. Alivuka ghala, akasimama nyuma ya watu, akanyoosha shingo. Hakurudi sasa hivi. Alimsikia mama akimfungulia mtoto mlango, akamsikia ndugu mwema akija na fimbo ya baba, na ndugu hao walipopigana chini ya mvua Ogweno wa mapadri alikuwa amemshika bega mvuvi asiyemjua. Picha ilipokwisha alipiga makofi pamoja na wengine. Machozi yalikuwa yamemfika kwenye tai.

Mvuvi aliyeshikwa bega ndiye aliyegeuka kwanza. Akamgusa mwenzake, na mwenzake mwingine, na makofi yakafifia. Kija alivua miwani yake kabisa.

"Mwalimu, wewe ni mchezaji. Mchezaji hahami," alisema. "Na yule pale umemwachia nani?"

Watu wote wakageuka. Kule mwisho wa ghala Faith alikuwa amekaa wima mbele ya televisheni ambayo hakuna aliyeisemea, akitazama Wachina wakifungua na kufumba midomo. Kanda ya Mwalimu Josephat ilikuwa nyuma kidogo. Hakuna aliyecheka. Hata Pius, aliyecheka kila kitu, aliangalia chini. Wauza dagaa walimtazama Ogweno kwa jicho ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelitumia mwaka mzima, na alilitambua.

Faith alingoja mpaka picha yake ikaisha. Akajifunga khanga vizuri, akatoka kwa mlango wa katikati, ambao haukuwa wa upande wowote. Ogweno alimkimbilia nje, akaanza kumweleza kwamba alikwenda kuandika makosa ya Kija, kwamba makosa yalikuwa mengi kuliko alivyodhani.

"Ogweno," Faith alimkatisha, na hakupandisha sauti. "Sikubaki kwa kukuhurumia. Nilitaka kujua, mtu akibaki na wewe, je, utamwona. Sasa nimejua. Mwambie mama asikandike nyumba kwa ajili yangu."

Akaenda zake ufukweni, waliko wenzake.

Chuo kilifungwa Desemba tarehe tisa. Ogweno alivuka Kigongo, akalala kwa binamu yake mtaani Igogo, alfajiri akapanda basi la Mara peke yake. Alifika kwao jua linakuchwa. Nyumba ilikuwa imekandikwa, udongo mwekundu chini na mweupe juu, na mama yake alikuwa mlangoni amevaa gauni la kanisani. Alimkumbatia mwanawe huku macho yakitafuta nyuma yake, kwenye njia. Aliona njia tupu. Akauliza mgeni yuko wapi, na amesema nini.

Yule ambaye hakukubali neno moja la mtu lipotoshwe alisimama pale na begi mkononi.

"Amesema anakusalimu sana, mama," alisema. "Chuo kimemzuia kidogo. Atakuja Pasaka."

Uso wa mama ukafunguka. Akamvuta ndani, akamkalisha, akataka kujua binti amesema nini kingine. Ogweno akasema ameuliza habari za mguu wako unaouma. Akasema ameisifu nyumba kabla ya kuiona. Maneno yalikuja yenyewe, mengi na mazuri, na mama alicheka akipiga mapaja, akiuliza ehe, halafu akasemaje, halafu akasemaje, na mwanawe akaendelea kumtafsiria mpaka chakula kilipoiva.